Mwalimu wa Hesabu na Supu ya Mamake

Sijui alizaliwa kijiji gani wala babake alifanya kazi gani. Sikuwahi kumwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kumwaga habari zake ovyo. Ninachojua ni kwamba alitoka Vietnam, aliolewa na daktari wa mifugo, mtu wa Bungoma aliyekutana naye masomoni ng'ambo, na kwa miaka yote ninayoikumbuka alifundisha hesabu katika shule moja ya upili mjini Kitale, shule ileile niliyofundisha Kiswahili. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa kayaba tu. Akikohoa nilisikia.

Wanafunzi walimwita Madam Maths. Sokoni walimwita Mchina. La kwanza aliliitikia, la pili alilisahihisha kila lilipotamkwa, hata na muuza vitunguu mwenye haraka zake.

"Mimi si Mchina. Mchina ni jirani yetu. Alitutawala miaka mingi sana."

"Pole, Mchina," muuza vitunguu angejibu. "Chukua basi hizi kubwa."

Naye angezichukua, maana vitunguu havikuwa na kosa.

Mamake alifariki Mwalimu akiwa hapa Kitale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na habari zilipomfikia, mama alikuwa amekwisha kuzikwa. Nilivuka ua kwenda kumpa pole nikamkuta mezani anasahihisha mitihani ya kidato cha pili. Hakuacha. Alisahihisha karatasi mbili tatu mbele yangu, kisha akaniambia bila kuinua macho kwamba kwao, kila mwaka siku ya kifo inaporudi, watoto wa marehemu hupika chakula alichokipenda, wakakiweka mbele ya picha yake pamoja na ubani, halafu wakakila wenyewe. Na chakula cha mamake kilikuwa supu moja ya kijani. Mama aliipika karibu kila siku ya kiangazi. Hakuna picha ya mama kichwani mwake ambayo haikuwa na ile sufuria.

"Mwaka ukifika nitapika," alisema. "Lakini iwe yenyewe. Nikiweka ingine, mama atapita tu, atafikiri ni nyumba ya mtu mwingine."

Hapo ndipo utafutaji wake ulipoanza. Nimeona watu wakitafuta ng'ombe aliyepotea, nimeona wakitafuta kazi na wakitafuta waume, lakini sijaona mtu akitafuta kitu kwa moyo mmoja kama yule mwanamke alivyotafuta supu.

Jambo lililonishangaza ni kwamba hakuamini mizimu hata kidogo. Siku moja katika chumba cha walimu, mwenzetu aliyefundisha dini alimwuliza kama kweli anafikiri marehemu hula. Alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mbili na mbili ni tano. "Waliokufa hawali," alisema. "Hiyo kila mtu anajua." Akarudi kwenye chai yake. Jioni ileile nilimwona akizunguka Kitale nzima, duka hadi duka, akinusa chupa.

Alianza na maduka ya Wahindi, kwa sababu aliamini kwamba kitu cha mbali lazima kiwe ndani ya chupa. Hakupata. Rafiki wa mumewe akamwambia Eldoret kuna hoteli ya Wachina, chakula chake ni kilekile. Walikwenda Jumamosi moja wakala, na Jumapili nikamwuliza kulikuwaje.

"Nzuri. Nzuri sana. Chakula ya watu wengine."

"Si angalau ilikaribia?"

"Karibu si jibu," alisema. Hayo ndiyo maneno aliyoyaandika kwa kalamu nyekundu kwenye madaftari ya wanafunzi, na kuna watu wazima Kitale leo, wenye biashara na watoto, wanaotaniana kwayo wakikutana. Mtoto angepata hesabu yote sawa isipokuwa alama ya kutoa mwishoni, naye angeandika: Karibu si jibu. Wazazi walilalamika. Mwalimu mkuu aliwaambia wazazi wamletee mwalimu mwingine ambaye hakosi kazini, na malalamiko yakaisha.

Kisha akajaribu omena. Kwao kuna maji ya samaki yanayotiwa karibu katika kila chakula, kama sisi tunavyotia chumvi, na hayo maji hupatikana kwa kulaza samaki katika chumvi miezi mingi. Alinunua omena, akawajaza kwenye mtungi pamoja na chumvi, akauficha nyuma ya nyumba yake. Nyuma ya nyumba yake ndiko mbele ya dirisha la jikoni kwangu. Mama yangu mzazi alikuja kunitembelea kutoka eneo la Kwanza, kwenye shamba letu la mahindi, akashika pua mlangoni kabla hata ya kunisalimu.

"Huku kwenu kuna mtu amekufa na hamtuambii?"

Ikabidi nimweleze. Mama alikuwa mtu wa Murang'a aliyehamia huku akiwa bibi arusi, na katika maisha yake yote alikula samaki mara chache kama mtu anywavyo dawa. Alikwenda hadi kwenye ua, akamtazama Mwalimu akikoroga, akarudi akisema wacha amwombee. Omena hao hawakufaa hata hivyo. Mwalimu alimwaga mtungi wote kwenye shimo akasema samaki aliyekaushwa juani amekufa mara mbili, huwezi kumwomba ladha. Baadaye alipatana na mama muuza samaki amletee wa ziwani wabichi kwenye barafu, na mtungi wa pili ukafaulu. Nao ulinuka vilevile, lakini huu ulinuka kwa faida.

Dodoki nalo, maana supu ile hutiwa dodoki, lilizua maneno. Mama yangu alikuwa na mdodoki uliotambaa kwenye ua wa shamba, kama watu wengi kule Kwanza, na Mwalimu alipouona siku niliyompeleka kutembea alisimama ghafla kama aliyekutana na mtu wa kwao. Aliomba apewe. Mama, kwa ukarimu wake, akamchagulia madodoki yaliyokauka vizuri, ya kusugulia mgongo. Mwalimu akayarudisha kwa mikono miwili, akaonyesha yale machanga, ya kijani, laini bado.

"Haya hayaogeshi, mwanangu. Yatavunjika."

"Si ya kuoga, mama. Ya kupika."

Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikwisha kujua kwamba jirani yangu anakula dodoki. "Ati akimaliza dodoki," mama aliwaambia wenzake, "si atatafuta sabuni?" Lakini kuanzia siku hiyo madodoki machanga hayakukosa kwenye kikapu alichoniletea, yamefungwa peke yake, na aliniuliza kila mara kama yule mwenzangu ameyapata.

Kosa la kaa lilikuwa langu, na sijutii. Aliniuliza kwa Kiswahili anaitwaje yule mnyama wa majini mwenye magamba anayetembea upande, ambaye hutiwa kwenye supu ile. Mimi mwalimu wa lugha, nikajitutumua: anaitwa kaa. Akaliandika mkononi kwa kalamu, akaenda sokoni. Sasa huku kwetu bara, nani anamjua kaa? Kaa ni kuketi. Alimwendea muuza samaki akamwambia, "Nataka kaa."

Yule mama akapangusa kigoda kwa leso yake. "Kaa tu, mum. Usione haya."

"Sitaki kukaa. Nataka kaa."

"Si ndiyo nakuambia ukae, bana?"

Mwanamke wa pili akaona shida iko wapi, akamshika mkono akampeleka kwa mzee anayeuza makaa. Jirani yangu alirudi nyumbani na debe la makaa, kwa sababu mzee alikuwa amekwisha kulijaza na hakutaka kumvunja moyo. Akaliweka mlangoni kwangu. "Kamusi yako," aliniambia, "ni ya watu wa pwani."

Ulimi wake ulikuwa mkali na alijua. Alionja mukimo wangu wa viazi na mahindi ya kuponda akasema umeiva vizuri ila hakuna mtu ndani yake. Nilinuna siku nzima. Lakini nilipougua homa ya matumbo alinipikia uji wa mchele kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, akaupitisha juu ya ua, na hakuna hata siku moja aliyoniuliza kama nimeupenda. Alingoja bakuli lirudi, akaangalia ndani, akaenda zake.

Bado jani lilikosekana. Supu ile haikuwa supu bila jani lake, na jani lenyewe alishindwa hata kunieleza. Alisema likikatwakatwa na kuchemshwa huteleza, na likiteleza kooni unasahau joto la mchana. Mimi nilimtajia sukuma wiki, spinachi, managu na terere. Akawa anatikisa kichwa. Mwaka wa kwanza siku ya mamake ilifika akaweka picha na wali mtupu, na mwaka wa pili vilevile. Siku hizo alifundisha kama kawaida, akarudi nyumbani, akafunga mlango. Nilisikia kimya chake kupitia ua na niliumia, maana sikuwa na la kumsaidia.

Hapa ndipo inabidi nimlete mamake mumewe, mkwe wake wa Bungoma. Alikuwa mjane mrefu, mama wa kanisa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Kila Mwalimu na mumewe walipokwenda kule nyumbani, mkwe alichinja kuku. Wasomaji wa kule hawahitaji kuelezwa: kwa Mbukusu, mgeni ni kuku. Mgeni akipewa mboga, majirani wataulizana ni ugomvi gani umetokea. Na huyu hakuwa mgeni wa hivi hivi, alikuwa ametoka mwisho wa dunia. Kwa hiyo ni kuku Krismasi, kuku Pasaka, kuku hata wakipita kuchukua mahindi tu. Mwalimu alikula na kushukuru. Nyumbani Kitale nako mumewe alikuwa amepiga marufuku mboga za utotoni mwake. Alisema alilelewa kwa mboga za kuteleza mpaka akaapa kwamba akipata mshahara hazitaingia kwenye sufuria yake. Basi mke akaishi miaka mingi katikati ya watu wa mboga bila kuzionja.

Siku moja ya wiki alikwenda Bungoma peke yake, bila kupiga simu, kupeleka dawa za mguu wa mkwe. Hakuna aliyemtarajia. Aliingia moja kwa moja jikoni akamkuta mkwe ameketi anakula ugali na kitu cha kijani kutoka kwenye chungu. Mama wa watu alishtuka kama aliyefumaniwa. Alikifunika chungu, akakisukuma nyuma yake kwa mguu ule mbovu, akaanza kumwita jirani aje amshike jogoo.

"Mama, unakula nini?"

"Hakuna kitu. Kaa nje, mwanangu, ninakuretea kiti. Kuku inakuja."

"Mama, fungua nione."

"Hii si chakula ya mgeni! Ni murere tu. Utaniretea aibu."

Murere ndio mrenda, kwa sisi wengine. Mwalimu alipiga magoti kwenye sakafu ya samadi, akafunua chungu mwenyewe, akachovya kidole. Asiyeamini na ajue kwamba mkwe mwenyewe alinisimulia baadaye: alisema huyu mtoto alilia, na akalia tena, na jogoo akasimama mlangoni anatutazama. Mkwe alidhani amemwudhi. Alipoelewa hatimaye kwamba hilo ndilo jani, lilelile, lililoota nyuma ya nyumba bila mtu kulipanda miaka yote hiyo ya kuku, alikisukuma chungu mbele yake akasema, "Na tulikuwa tunakuficha."

Mwalimu alinieleza jambo moja tu kuhusu siku hiyo. "Sokoni nilikuwa napita karibu yake kila wiki. Sikuangalia. Nilikuwa nafikiri kitu ya mama lazima itoke mbali."

Siku ya marehemu ilipofika mwaka huo alipikia Bungoma, na nilialikwa. Kaa alikuwa amewatafuta mwenyewe asubuhi kijitoni chini ya boma, sketi imekunjwa kiunoni, mwalimu mzima wa serikali, huku wanawake waliokuja kuteka maji wakisimama kumwangalia akigeuza mawe. Aliwatwanga kwenye kinu na chumvi, akachuja, akaweka maji yake motoni, akakataza mtu yeyote asikoroge. Polepole nyama ikapanda juu ikajikusanya. Ndipo akatia dodoki, mboga ya nderema na mrenda uliokatwa.

Mzee wa kanisa alikuwa amesikia. Alifika akasimama mlangoni na Biblia kwapani, akatazama picha ya yule mama wa kigeni mezani na vijiti vya ubani pembeni.

"Mama," alimwambia mkwe, "mnalisha wafu katika nyumba ya mkristo?"

Mkwe hakuinuka. "Mzee, mama ya huyu mtoto alikufa mbali, na hakumzika. Wewe yako ulimzika. Acha apike."

Mzee akavuta kiti. Mkwe mwenyewe akakiombea chakula, kwa Kibukusu, ombi refu lenye majina ya wote waliokula na wasiokula, akasema amina. Tukangoja ubani uishe. Kisha Mwalimu akachukua kijiko akaonja, na nilimwona akishika nguzo ya nyumba kwa mkono wa pili.

"Ndiyo hii," alisema.

Nilifurahi sana siku hiyo, nilifurahi kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa na nimepata faraja. Supu yenyewe sikuipenda. Sisi wa milimani hatujazoea chakula kinachotangulia kooni kabla hujakiruhusu. Nilimaliza bakuli kwa heshima na mzee wa kanisa akaongeza la pili.

Tangu hapo hakuna kuku aliyechinjwa kwa ajili yake pale nyumbani. Mkwe aliwatangazia wanawake wenzake kwamba huyu wangu si mgeni tena, anakula murere. Ugomvi wao uliobaki ulikuwa wa chumvi. Mkwe hakuweza kupika murere bila chumvi ya majivu, ile inayochujwa kutoka kwa maganda ya maharagwe yaliyochomwa, na Mwalimu alisema majivu yanaua jani. Wakapika vyungu viwili, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Na kila mwaka, akifuata mwezi wa angani na si kalenda ya ukutani, Mwalimu alikwenda Bungoma kumpikia mamake. Hakukosa. Mwaka ule wa vurugu za baada ya uchaguzi, mimi nikiwa nimekimbilia kwa ndugu na barabara zikiwa hazipitiki vizuri, nilisikia kwamba hata hivyo alipika.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni mwanzoni mwa mwaka wa elfu mbili na tisa. Alikuwa amestaafu, amehamia Bungoma, na hatimaye alikuwa amekwenda kwao, safari ya kwanza tangu mama afariki. Nilimkuta nje ya jiko mchana, ameketi na ungo mapajani, anachambua mrenda. Siku ya marehemu ilikuwa kesho yake. Alikuwa amekonda kidogo. Nikaketi, nikachukua fungu langu, nikaanza kuchambua nami.

"Sasa uliila kule kwenyewe? Ilikuwa sawa na yako?"

"Dada yangu alishangaa kunisikia nikiitaka." Alichambua majani kadhaa. "Nilimwambia kila mwaka nampikia mama hii. Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza, kwa nini unampikia hiyo? Mama alikuwa anaichukia."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nani alisema?"

"Mama mwenyewe. Akiwa mgonjwa, dada alimpelekea. Akasukuma bakuli. Akasema, leteni kitu yoyote, lakini si hiyo. Alisema alikuwa anapika sababu majani ilikuwa ya bure, na kaa ya shambani ilikuwa ya bure, na sisi tulikuwa wengi. Sisi tulikuwa tunakula, yeye anatuangalia. Mimi nilifikiri anafurahi."

Mkono wangu ulikuwa umesimama ndani ya ungo.

"Basi alikuwa anapenda nini?"

"Nilimwuliza dada. Hajui. Nikauliza kaka. Nikauliza shangazi, mzee kabisa, anamjua mama tangu wakiwa wasichana." Alitikisa ungo, majani yaliyooza yakaenda upande. "Hakuna mtu anajua. Hakuna mtu aliwahi kumwuliza."

Ng'ombe wa mkwe walilia kule malishoni. Mwalimu aliendelea kuchambua kwa vidole vilevile vya haraka, akitupa mabua, akiweka majani, kama mtu ambaye kazi bado ni yake.

"Na kesho," nikamwuliza, "utampikia nini?"

"Hii," alisema. "Sina ingine. Nitaiweka mbele yake, nimwambie, mama, pole."